Kiti cha Mama Esteri

Faudhia wa duka la vitenge, Kasulu mjini, akipania jambo hashikiki. Jumapili hiyo alipania kusimama mahali palipo juu kuliko pote wilayani, na simu ilimwonyesha mlima nyuma ya Heru Juu. Chini ya mlima aliomba maji kwenye nyumba ya matofali. Mama Esteri, mwenye nyumba, akampa maji, akamkaribisha kiti.

"Asante mama, nawahi kileleni."

Mama Esteri akavitazama viatu vyake vya mjini, akachukua panga. "Huko hakuna njia, mwanangu. Twende."

Wakapanda wakifyeka nyasi zilizowazidi kimo. Faudhia aliteleza mara tatu, na mara zote alililaumu jiwe. Juu palikuwa tambarare, pana vichuguu tu. Akakwea kile kirefu kuliko vyote, akainua simu na kupiga kelele: "Kasulu nzima hakuna aliye juu yangu!"

Mama Esteri alicheka mpaka akakaa chini.

"Hicho kitoto. Kirefu chenyewe kilikuwa hapa," akasema, akionyesha shimo lililoota majani. "Udongo wa kichuguu ni mgumu. Tulikibomoa chote, tukafyatua matofali, tukayashusha kichwani."

"Mkajengea nini?"

"Si ile nyumba uliyonywea maji?"

Faudhia akalitazama bati lililometa kule chini, kisha magoti yake yaliyochubuka. Akateremka kichuguuni, akajipangusa vumbi.

"Turudi, mama," akasema. "Kile kiti sasa nakitaka."