Kidonge cha Jioni

Chai ilimchuruzika mzee kwenye pembe ya mdomo, naye hana habari. Jirani ndiye aliyeona, akampigia simu binti wa mzee, mfamasia, ambaye aliwaacha wateja kwenye foleni akaja mbio. Walipofika hospitali mdomo uliokuwa umepinda ulikuwa umerudi mahali pake. Daktari alisema bonge dogo la damu lilikwama kichwani, likapita. Safari nyingine huenda lisipite.

Binti hakulia. Akili yake ilishika kazi iliyoizoea, kulinganisha. Ni yeye aliyeshauri mzee abadilishiwe dawa ya kuzuia damu kuganda. Ile ya zamani ilikuwa na masharti kama mkwe: damu ipimwe kila mara, dozi ipandishwe na kushushwa, mboga za majani zisizidi leo zikapungua kesho, dawa ya maumivu usiiguse bila kuuliza. Ikizidi, mtu huvuja damu ndani kwa ndani. Mpya haikutaka makuu. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, basi. Ila haikai mwilini. Ukiruka kimoja, kinga inaanza kukutoka. Hayo aliwaeleza wateja dirishani kila siku, na ndivyo alivyomweleza baba yake, kwa sauti hiyohiyo. Tangu safari za kumpeleka kupimwa zikome, dawa alimtumia kwa mkono wa mtu wa pikipiki.

Alikwenda nyumbani kumchukulia mzee nguo, akafungua droo. Bahasha ya vidonge vya jioni ilikuwa imejaa tele.

"Baba, mbona vya jioni humezi?" alimuuliza aliporudi wodini.

"Cha asubuhi nakimeza na chai. Jioni sipiki, mwanangu. Nakaa tu mpaka usingizi unichukue, nacho nakisahau."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayeulizwa njia. Binti akajishughulisha na kukunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Daktari alipopita, alimuuliza binti, kama mtaalamu mwenzake, waendelee na dawa ipi. Jibu alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, na sababu zake zote. Akalimeza.

"Tumuulize mwenyewe," alisema.

Mzee alimgeukia binti.

"Ile ya zamani, bado ni lazima kwenda kupimwa damu?"

"Ni lazima, baba."

"Na wa kunipeleka ni wewe?"

Binti alivuta kiti, akaketi. Mzee hakungoja jibu. Alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa shati, taratibu, kuelekea kwenye kiwiko.