Kiti Hakijaribiwi kwa Mchanga

Mjomba alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango unaotazama barabara. Ukiingia, harufu ya gundi inakupokea kabla ya mwenyeji. Mabaki ya sponji yamejaa konani, majora ya vitambaa yameegemea ukuta kama watu wanaosubiri kuitwa, na katikati kuna meza mbili za kazi zinazotazamana. Moja ilikuwa ya Mjomba. Nyingine ilikuwa ya mwenzake, ambaye mtaa mzima ulimwita Pacha, ingawa yeye na Mjomba hawakuzaliwa pamoja wala hawakufanana hata ukucha. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua Pacha, na baada ya mvua zilizopita binti yake alikuja kumchukua akaishi naye mji mwingine.

Tangu hapo Mjomba alizimika. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na hasira na mtu. Alifika asubuhi, akafanya kazi, akala akiwa ameupa mlango mgongo, akaondoka. Mwenye nyumba alipopita kuuliza kama ataendelea na chumba, Mjomba alimwambia aje Jumamosi achukue jibu, ila asishangae akiambiwa kwamba karakana inafungwa.

Aliyeshtuka ni mpwa wake. Alikuwa binti aliyemaliza chuo karibuni, saikolojia, na kwa kuwa ajira ilikuwa bado haijamwona, alikuja karakana kusaidia kushona foronya. Alidhani atakaa wiki chache. Lakini alikuwa amekipenda chumba kile, na zaidi ya chumba alimpenda huyo kaka wa mama yake aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo.

"Ukifunga utafanya nini, Mjomba?"

"Nitapumzika."

"Lakini kazi hii unaipenda."

"Niliipenda," alisema Mjomba, akaendelea kukata kitambaa.

Neno hilo lilimkaa binti kichwani mchana kutwa. Chuoni alifundishwa, naye akaamini kwa moyo wake wote, kwamba furaha ya mtu hujengwa na vitu vidogo anavyovifanya kila siku, hata asivyovihesabu. Basi kwa Mjomba kulikuwa na kitu kidogo kilichotoka. Kipi? Hilo ndilo lililomwasha. Akapiga moyo konde, akaanza kujaribu kimoja baada ya kingine.

Alianza na jua. Alifungua madirisha yote, mwanga ukaanguka juu ya meza ya Mjomba. Mjomba akainuka, akaisogeza meza kivulini.

"Kitambaa kinapauka," alisema.

Kesho yake akamtoa matembezi kabla ya kazi, kuzunguka mtaa. Mjomba alitembea kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Mara moja tu alisimama kwa hiari yake: nje ya kinyozi kulikuwa na kiti kilichovunjika, naye akainama kukichungulia chini, kichwa upande, mikono mgongoni. Binti aliliona hilo akaliweka moyoni, ila hakujua alifanyie nini.

Halafu akajaribu shukrani.

"Mjomba, nitajie mambo matatu yaliyokufurahisha jana."

Mjomba alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nililala."

"La pili?"

"Niliamka."

"Na la tatu?"

"Jana ulikuwa bado hujaanza maswali haya."

Binti alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. Mjomba hakucheka. Hata hakujua kwamba amesema kichekesho.

Alhamisi, mama mwenye duka la dawa aliingia akifuatwa na mchukuzi aliyebeba kiti cha mikono kichwani. Kilikuwa kiti kizuri, kitambaa cha kijani, kimetoka karakana si muda mrefu.

"Fundi, nakurudishia kiti chako. Kinanikataa."

"Kinakukataa vipi, mama?"

"Ningejua ningekuwa fundi mimi! Nikikaa vizuri, sawa. Nikianza kusoma gazeti, nataka kuinuka. Mume wangu naye vivyo hivyo. Sasa tunakigombania, kila mtu anamwambia mwenzake, kaa wewe, kaa wewe. Hatujawahi kuwa na adabu kiasi hiki nyumbani."

Alipoondoka, Mjomba alikigonga kiti, akakibonyeza, akatikisa kichwa. "Kiti kizima hiki. Nilikijaribu."

Hakikuwa kiti cha kwanza kurudi tangu Pacha aondoke, na binti akainua masikio. "Ulikijaribuje, Mjomba?"

Mjomba akaonyesha kwa kidevu mfuko wa mchanga uliolala chini ya meza. "Uzito wa mtu mzima. Nauweka kitini toka asubuhi mpaka jioni."

"Na zamani?"

"Zamani tulikuwa wawili," alisema, na uso wake ukafungwa kama duka.

Binti hakungoja. Alitoka hadi bombani nyuma ya jengo, akampigia Pacha simu.

"Shikamoo, Mzee Pacha."

"Marahaba, mwanangu! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka kukuuliza, viti mlikuwa mnavijaribuje?"

Upande wa pili kicheko kikapasuka, kikageuka kikohozi. "Hajakuambia? Tulikuwa tunakaa!"

"Mnakaa tu?"

"Mmoja anakaa, mwingine anampigisha soga. Sikiliza. Mtu akijua anajaribu kiti, anakaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mgongo wima, miguu pamoja. Kiti chochote kitamfaa huyo. Unatakiwa umzungushe kwa maneno mpaka asahau yuko wapi, aanze kupinda, akunje mguu, aegemee kiwiko. Hapo ndipo kiti kinatoa siri zake. Kila kiti, mwanangu, kabla hakijatoka mlangoni. Mjomba wako alikuwa hodari wa kunisahaulisha. Anaongea uongo yule! Unajua ni uongo, na bado unataka kujua mwisho wake."

"Mjomba? Anaongea?"

"Kwani siku hizi haongei?"

"Haongei," alisema binti. Pacha akashusha sauti. "Huku nimekalia kochi la dukani, limetoka kiwandani. Hakuna aliyelipigia soga. Mwambie hivyo."

Binti alirudi ndani taratibu. Viti viliporudi, yeye alidhani ni ufundi umepungua. Mjomba alipozimika, alidhani ni upweke wa kawaida. Kumbe ni kitu kimoja! Mjomba alimpoteza mwenzake, halafu kwa kukosa wa kukaa akaweka mchanga, na kwa mkono wake mwenyewe akaifuta saa aliyokuwa anaongea na kucheka. Wala hakuiita furaha. Aliiita kujaribu kiti.

Ijumaa alimwomba Mjomba akae kwenye kiti cha kijani, akamrushia maswali. Mjomba alijibu ndiyo, hapana, sijui, mgongo wima kama mlingoti. Ilikuwa kama kuchota maji kwa uma. Usiku ule ndipo binti alipogundua kosa lake: kumbe aliyetakiwa kusahaulishwa hakuwa Mjomba.

Jumamosi asubuhi, kabla Mjomba hajavua koti, alimkuta mpwa wake amekalia kiti cha mama wa duka la dawa.

"Inuka tufanye kazi."

"Nafanya kazi. Nakijaribu. Sihisi kitu, kiti kizima kabisa. Tumrudishie mwenyewe, tumwambie anaota."

"Huwezi kuhisi," alisema Mjomba. "Umekaa kama umemeza rula."

"Ndivyo ninavyokaa."

"Hakuna mtu anayekaa hivyo, labda kwa daktari wa meno."

"Basi nisahaulishe."

Mjomba alimtazama. Akajua mara moja simu ilipigwa wapi. Alivua koti, akalitundika, akasimama kitambo akikuna shingo, na binti akaona mtu anayetafuta kitu mfukoni asichokuwa na hakika kama bado kipo.

"Umekula?" aliuliza.

"Hilo halisahaulishi, Mjomba."

"Subiri basi, mbona una haraka! Hapo ulipokaa," alisema, "pananikumbusha kiti cha daktari mmoja wa meno. Alitaka kiti cha wagonjwa wake wanaosubiri. Akasema, fundi, nataka kiti ambacho mtu akikaa anaacha kuogopa. Sasa Pacha akakaa kukijaribu. Nami nikaanza kumpa kisa cha mbuzi wa baba yangu aliyekuwa anajua Jumapili."

"Alijuaje?"

"Tulia. Nikafika mahali mbuzi anakataa kutoka zizini, nageuka, Pacha amelala. Fofofo! Anakoroma. Mara daktari huyo hapo mlangoni. Nikataka nimwamshe, daktari akaweka kidole mdomoni. Akakizunguka kiti kwa ncha za vidole. Akamchungulia Pacha usoni. Kisha akaninong'oneza, fundi, nakichukua hiki hiki, lakini usiniambie na huyu yumo kwenye bei."

Binti aliangua kicheko. Mjomba akaanza kuigiza mkoromo wa Pacha, mashavu yanajaa na kutoka upepo, halafu mwendo wa daktari, na akiwa amefika katikati ya chumba yeye mwenyewe akashindwa, akashika meza, kicheko kikamtoka kwa kishindo, kama kabati lililofunguka lenyewe.

"Na mbuzi?" binti aliuliza akijifuta macho. "Alijuaje Jumapili?" Akaegemea kiwiko, akakunja mguu mmoja chini yake, na papo hapo akaruka. "Mjomba! Kuna kitu! Hapa, pajani, nikielemea upande huu!"

"Wapi? Usitoke, usitoke. Elemea tena."

"Kinanisukuma!"

"Ndiyo maana akisoma gazeti anataka kuinuka! Anaelemea kwenye mwanga." Mjomba alikuwa ameshapiga magoti. Walikipindua kiti pamoja, wakang'oa kitambaa cha chini, vichwa vinagongana kwa hamu ya kuona. Mkanda mmoja wa pembeni ulikuwa umelegea, na springi iliyo juu yake ilikuwa imelala ubavu.

"Mchanga hauegemei," alisema Mjomba polepole, kana kwamba anaambiwa na mtu mwingine. "Nimeuweka mchana kutwa, na haukuegemea hata mara moja."

Alijaza misumari midogo mdomoni, kama mafundi wa kazi ile wanavyofanya, akachukua nyundo, akavuta mkanda. Ndipo mwenye nyumba alipoingia, mtu mnene, mpole, aliyechoka kupanda na kushuka.

"Habari za kazi, fundi. Nimekuja kwa lile jibu. Chumba unaniachia?"

Mjomba hakuweza kusema. Binti naye alikuwa ameushikilia mkanda kwa mikono miwili, hathubutu kuuachia, hathubutu hata kumtazama Mjomba.

Mjomba akapigilia msumari. Akatoa mwingine mdomoni, akapigilia na huo. Mwenye nyumba akangoja. Wa mwisho ulipoingia, Mjomba alikisimamisha kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Chumba sikiachi, bosi," alisema. "Lakini nina shida. Nahitaji mtu wa kukaa hapa. Huyu ameshakizoea, hafai tena leo."

"Nikae tu?"

"Kaa tu."

Mwenye nyumba akakaa, mgongo wima, miguu pamoja, mikono juu ya magoti. Mjomba akavuta stuli, akamkonyeza mpwa wake naye avute yake, akakohoa.

"Bosi," alianza, "hivi uliwahi kumwona mbuzi anayejua Jumapili?"