Taulo la Hatanami

Siku ya mwisho ya mashindano ya sumo Osaka, Kuroiso alisukumwa nje ya duara, na nafasi ya kupanda daraja ikamwendea Hatanami, mdogo wake wa kambi moja. Kambini, aliyepanda huogeshwa na waliobaki chini, hata kama ndio waliomfunza. Lakini waliporudi, Hatanami alishika taulo kwa mazoea, akamngojea Kuroiso aingie bafuni kwanza.

“Lete taulo,” Kuroiso alisema. “Mkubwa sasa ni wewe.”

“Kaka, acha utani.”

“Kaa chini, usinichoshe.”

Akamsugua shingo, mabega, mgongo, akiutafuta uchungu moyoni mwake kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka. Hakuupata.

“Maji yamekutosha, bwana?” aliuliza.

Aliyekuwa akilia ni Hatanami.