Rangi ya Fizi za Ma Edvina

Habari haikai tumboni mwangu. Nikijua kitu asubuhi, mchana mtaa wetu wote wa Nyanga unakijua. Leo ninayo nyingine, ila safari hii habari yenyewe ni mimi.

Nilimaliza chuo cha maabara mwaka jana, nikapata kazi kwa Dokta Kahangwa, daktari wa meno wa Bukoba anayefanya utafiti wa fizi. Kazi tamu, nikwambie. Chembe nyeupe, wale askari wa mwili, zinatoka kwenye damu zinasafiri hadi kwenye majimaji kidogo yaliyo kati ya jino na ufizi. Kuzihesabu moja moja ni shida, lakini zinabeba kimeng'enya. Unachomeka kikaratasi chembamba pale sekunde thelathini, unakitia kwenye kichupa cha dawa, na kimeng'enya kinaigeuza dawa kuwa bluu. Bluu ikikolea, askari wamekuja wengi, ufizi una vita. Masharti ni mawili: mtu asiwe ametafuna kitu kwa saa nzima, na kikaratasi chenye damu unakitupa, maana damu nayo inaleta rangi.

Kule Ngenge, kijiji nilikotumwa kuchukua sampuli, nikaingia kwa bibi mmoja, Ma Edvina. Nikapiga magoti kumsalimia, akaleta kikapu cha akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna anazopewa mgeni. Ukikataa, umemkataa mwenye nyumba. Nikachukua mbili, naye akatafuna, kwa sababu mgeni haachwi atafune peke yake. Sharti nilikuwa nalo kichwani. Nikaona aibu kumwambia ateme.

Dakika tano baadaye kikaratasi kikatoka na wekundu kwenye ncha. Maganda ya kahawa yalishamchoma ufizi. Sikukitupa. Kwenye fomu, palipoulizwa kama ametafuna kitu, nikaandika hapana.

Kichupa kikawa bluu kama sketi ya shule. Sijawahi kuona rangi kali hivyo, nikafurahi kama mjinga. Jumapili, kanisani kule Ngenge, ibada ilipoisha, nikawaonyesha akina mama picha ya kichupa kwenye simu na kuwaambia fizi zenye vita kuliko zote pale kijijini ni za nani. Tukacheka sana.

Baada ya wiki mbili nikarudi kuchukua sampuli nyingine. Ma Edvina alinipokea akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Kikapu hakikuja. Mkamwana wake akaninong'oneza kwamba mama hatafuni tena na wageni, anasema mdomo wake umeoza. Kikombe chake anakitenga na vya wengine. Mjukuu akimkimbilia, anageuza uso.

Nikapiga magoti tena, na safari hii haikuwa salamu. Nikamweleza yote.

"Damu uliiona?" akauliza.

"Niliiona, Ma."

"Mbona hukuniambia niteme?"

"Niliona aibu."

Akautoa mkono mdomoni. "Ningetema, mwisiki, binti yangu. Kutema ni kazi gani?"

Nikatoa kikaratasi kipya.

Tangu asubuhi alikuwa hajatafuna kitu, kwa hiyo nikampima upya. Bluu ikaja hafifu, kama maji ya kusuuzia ile sketi. Nikampa kichupa akishike mwenyewe. Akakiinua kwenye mwanga. Nilidhani atacheka, nami nipumue.

"Kipige picha," akasema. "Jumapili utawaonyesha. Palepale."

Dokta nilimpigia siku hiyohiyo. Amezifuta sampuli zangu zote za Ngenge, arobaini na moja, maana hajui ni wapi kwingine niliandika hapana ya uongo. Sikubisha. Kikapu kilikuwepo karibu kila nyumba.

Jumapili katekista alinipa nafasi baada ya matangazo. Akina mama walewale. Mimi nisiyenyamazishika, maneno yakanigomea, nikainua kwanza simu yenye ile bluu hafifu. Nikasema kwamba fizi za Ma Edvina ni nzima, kwamba niliona damu nikanyamaza, na fomu niliijaza uongo.

Mama mmoja wa nyuma akasema hajasikia.

Nikamtazama Ma Edvina. Alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani.

Nikarudia, kwa sauti.