Bendera Moja

"Tena," alisema kocha Gedge, na Kieran Tolley akakimbia tena.

Alikimbilia koni ya mwisho, akakanyaga kwa mguu wa kushoto, akageuka. Goti lilishika. Mwezi wa Agosti uwanja wa Woorndalla huwa tope tupu mbele ya magoli, na hapo hapo ndipo kocha alipotaka ageukie, maana hapo ndipo mshambuliaji wa mwisho anapoishi. Mpira wa umbo la yai ukaja juu kutoka kwa Reuben Stapel, ukizunguka kinyumenyume, umetulia kama umetumwa. Kieran akaruka, akaudaka juu ya kichwa chake, akatua kwa miguu yote miwili. Wachezaji waliokuwa wakinyoosha misuli kando ya uzio wakapiga makofi.

"Umerudi, kaka," alisema Reuben, akija mbio kuuchukua mpira. Mvuke ulikuwa ukimtoka mdomoni. "Goti jipya hilo. Uliagiza wapi, na mimi niagize?"

Kieran alicheka naye, lakini macho yake aliyapeleka kwenye soksi zake.

Reuben ndiye aliyeshika nafasi ya Kieran tangu kano ya goti ilipokatika msimu uliopita. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mikono mirefu zaidi, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka barabara ya mtoni. Jioni ile kila mtu alijua kwamba Kieran akifaulu jaribio, mmoja wao atashushwa timu ya pili. Reuben naye alijua. Hata hivyo ndiye aliyejitolea kumpigia mipira, na hakupiga hata mmoja vibaya.

Jua lilipozama nyuma ya maghala ya nafaka, kocha alipuliza filimbi, akasema basi, akaenda zake kwenye chumba cha wachaguzi wa timu.

Kieran alikaa kwenye benchi la ukumbini akiwa na mfuko wa barafu gotini. Kutoka jikoni ilitoka harufu ya soseji na vitunguu, kama kila Alhamisi, siku ambayo klabu nzima hula pamoja kabla ya majina kusomwa. Ukuta wa chumba cha wachaguzi ulikuwa wa mbao nyembamba. Hakuhitaji kutega sikio.

Ndani walikuwa watatu. Kocha Gedge alimtaka Reuben: kijana amefunga kila wiki, alisema, na huyu mwingine hajagusa mechi hata ya timu ya pili, desturi ni kwamba anayetoka kwenye jeraha anaanzia huko chini, awe nani, awe nani. Mzee Merv Oakley hakukubali. Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho kabla ya mtoano, wakishindwa msimu umekwisha, na yeye hakuona sababu ya kumwacha benchi mtu mwenye mabao mengi kuliko yeyote aliyewahi kuivalia Woorndalla.

"Mtoto ana miguu, sikatai," alisema Merv. "Lakini Jumamosi iliyopita sekunde zimekwisha, mpira anao mkononi, anasubiri nini? Anasubiri basi? Mpaka mtu akanyoosha mkono akaugusa. Tolley angekuwa ameshafunga na ameshaoga."

"Kugusa ni bahati, Merv."

"Bahati gani! Kuchelewa."

Barafu ilianza kuuma. Kieran hakuiondoa.

Baada ya upasuaji alishindwa kukaa nyumbani siku za Jumamosi. Shauna, mke wake, ndiye aliyemwambia aende akafanye chochote, hata kuuza chai, mradi asiendelee kuzunguka jikoni kama mbwa aliyefungiwa. Ligi za mashambani hazina waamuzi wa kutosha, kwa hiyo kila klabu hutoa mtu wake mmoja wa kusimama golini akiwa na koti jeupe na bendera mbili. Kieran akawa mtu huyo wa Woorndalla. Mchezo wao hauna wavu wala kipa. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu, ni bao, pointi sita, na bendera mbili hupungwa. Ukiguswa na mlinzi njiani, hata kwa ncha ya kidole, ni pointi moja na bendera moja. Mwenye kusimama kwenye mstari ndiye anayeona kidole. Wengine wote wanakiona kwa macho yake.

Jumamosi iliyopita Reuben aliupiga mpira ule dakika ya mwisho kabisa, Woorndalla ikiwa nyuma kwa pointi tano. Mlinzi wa Kelby, wapinzani wao, alijirusha, mkono mbele. Kieran alikuwa chini ya mpira ule, karibu kiasi cha kuusikia ukivuma, na aliona hewa kati ya kidole na ngozi ya mpira. Aliona nafasi ambayo mkono mwingine mzima ungeweza kupita. Mwamuzi wa kati alikuwa mbali amezama kwenye tope. Aliuliza kwa ishara tu, umeguswa?

Daktari alikuwa amemruhusu Kieran kurudi uwanjani wiki ile ile. Wazo lililomjia lilikuwa fupi kuliko pumzi: bao hili likiingia watambeba huyu kijana mabegani, na hakuna atakayeniulizia tena. Kisha vidole vyake vikagonga mgongo wa mkono wake wa pili, ishara ya mpira ulioguswa, akainua kidole kimoja, akapunga bendera moja. King'ora kikalia. Woorndalla ikashindwa kwa pointi nne.

Yule mlinzi wa Kelby aliinuka kwenye tope, akakitazama kidole chake, akamtazama Kieran. "Asante, mzee," alisema, akaenda zake akicheka.

Reuben alikuja baadaye, machozi yamemkauka. Alimwambia Kieran kwamba yeye mwenyewe hakuona kitu, lakini kama Kieran kaona kidole basi kidole kilikuwepo. Alimpa mkono.

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Noreen Cusack, mchaguzi wa tatu, mama aliyewafunga bandeji vizazi viwili vya wachezaji, alimwita aingie.

"Kaa, mwanangu. Goti?"

"Zuri."

"Kweli zuri, au zuri la Alhamisi?"

"Zuri kweli, mama Noreen."

Alimkagua usoni, akaridhika. Kisha akasema kwamba kura imegawanyika, mmoja huku na mmoja kule, na yeye wa tatu hapendi kubahatisha. Kieran amesimama nyuma ya kila mpira wa yule kijana msimu mzima. Hakuna anayemjua zaidi. Sasa awaambie kama mtu mzima, hata kama nafasi ni yake mwenyewe. Ule mpira wa mwisho, ulikuwa bahati mbaya, au kijana alichelewa?

Kocha Gedge alikuwa anatazama meza. Merv alikuwa anatabasamu kwa uhakika. Kieran alifungua kinywa, na kwa kitambo kidogo aliamini kwamba yatatoka maneno mengine.

"Alichelewa kidogo," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya upole iliyomtia kinyaa yeye mwenyewe: "Bado mdogo. Atajifunza."

Majina yalisomwa watu wakiwa na sahani mikononi. Kocha alipotamka "Mshambuliaji wa mwisho, Tolley," ukumbi ulilipuka. Watu waligonga meza, mtoto wa mtu akalia kwa kushtuka. Wa kwanza kusimama alikuwa Reuben. Alikuja na sahani yake ya soseji na viazi vya kuponda, akakaa pembeni yake, akasema timu ya pili si mbaya, wanamaliza mapema, ataoga haraka awahi kumtazama. Kocha alikuwa ameshamweleza kosa lake, kuchelewa. Alikuwa amelipokea vizuri. Kieran aliukata mkate wake vipande vidogo vidogo, akaviacha.

Siku ya kazi kwake huanza kabla ya mapambazuko. Alikuwa dereva wa lori la maziwa; alizunguka kutoka shamba hadi shamba, na kwa watu wa barabara ya mtoni hakuna mgeni aliyeaminiwa kama yeye. Vyumba vya matangi havikufungwa. Aliingia peke yake, akafunua kifuniko, akainama akanusa, akatazama kipimajoto, akachota sampuli. Akisema maziwa yameharibika, hayapandi lorini, na mfugaji humwaga kazi ya siku mbili kwenye mfereji bila kubishana. Kieran hakuwahi kukosea kwa mfugaji yeyote. Ijumaa ile, kwenye shamba la kwanza, aliinamia tangi, akanusa, akanusa tena, na hakuwa na hakika kama harufu chachu aliyoisikia ilikuwa ya maziwa au ya kinywa chake. Maziwa yalikuwa mazima.

Alipozima injini kwa akina Stapel, alisikia mashine za kukamulia zikipumua, na juu yake sauti nyingine: du, kimya, du. Reuben alikuwa nyuma ya banda, chini ya taa, amevaa aproni ya mpira na buti. Aliupiga mpira ukutani, akaukimbilia, akauokota kwenye samadi, na kabla hajajiweka sawa akaupiga tena. Ulienda kombo. Akapiga mara nyingine. Ukaenda kombo zaidi. Mguu mzuri ule, ambao Kieran aliutazama kwa wivu msimu mzima, ulikuwa unakatakata kama mkasi butu.

"Unafanya nini?"

"Ah, kaka. Najifunza kuwahi." Alifuta uso kwa mkono wa fulana. "Ila ninapowahi, unapotea. Hebu nitazame, niambie. Nainua mguu mapema sana, au?"

Akapiga tena. Mpira uligonga bomba la mvua, ukaanguka.

"Usipige hivyo," alisema Kieran.

"Basi vipi?"

"Kama ulivyokuwa unapiga."

"Si ndiyo kuchelewa kwenyewe?" Reuben alicheka kidogo, kwa haya. "Baba naye king'ang'anizi. Alikuwa kwenye uzio, nyuma ya goli lile. Anasema haukuguswa, anaapa kabisa. Nikamwambia, wewe ulikuwa mbali, Kieran alikuwa chini ya mpira, unamwita Kieran mwongo? Tangu Jumapili hatusemezani, unaamini? Tunakamua ng'ombe kama mabubu wawili."

Ng'ombe aliyekuwa langoni alikohoa. Kieran alitamani mtu atoke, aite, jambo lolote litokee. Hakuna aliyetoka.

"Baba yako ameona vizuri," alisema.

Reuben alikuwa ameshainama kuokota mpira. Alibaki hivyo hivyo.

"Haukuguswa. Niliona. Nilijua wakati ule ule, na jana nimeulizwa nikasema tena. Hukuchelewa, Reuben. Lilikuwa bao."

Kijana alinyooka polepole. Alimtazama Kieran jinsi mtu anavyotazama mlango wa nyumba yake akiukuta wazi. Alichosema, alikisema chini sana.

"Nilimfokea baba yangu."

"Najua."

"Hujui."

Kieran alitoa simu mfukoni. Vidole vilikuwa baridi na ilimbidi abonyeze mara mbili. Kocha Gedge aliitika kwa sauti ya usingizi, na Kieran akamwambia yote pale pale, mbele ya Reuben, bila kutaja goti, bila kumtaja daktari, bila kusema hata neno moja la kujitetea, ingawa mawili matatu yalimfika kooni. Kisha kocha akauliza nani mwingine anajua.

"Reuben. Yupo hapa."

"Mpe simu."

Reuben aliiweka simu sikioni. Alisikiliza akiwa ameinamia buti zake, akasema ndiyo, kocha, akasikiliza tena, akasema ndiyo. Alipoirudisha simu, kocha alikuwa ameshakata.

"Amesema Jumamosi nipige nilivyozoea," alisema.

"Vizuri."

"Na wewe amesema utakwenda kuwaambia wote. Merv, mama Noreen, wachezaji. Leo jioni."

"Nitakwenda."

Kieran alikuwa tayari kutukanwa, angefarijika kutukanwa. Lakini Reuben alifungua tu bomba la maji, akaosha mikono yake kwa muda mrefu, kila kidole, kisha akaingia bandani kwa baba yake. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Sauti ya kijana ikasikika, ya haraka, halafu ya taratibu, halafu hakuna sauti.

Kieran alikwenda kwenye tangi kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta. Alifunua kifuniko, akanusa, akachota sampuli, akaunganisha bomba. Maziwa yakaanza kupanda lorini kwa mlio mzito. Yalipokwisha, alilivua bomba, akalikunja mahali pake. Njia ya kwenda shamba linalofuata ilikuwa wazi mbele yake na mlango wa lori ulikuwa hatua chache tu.

Hakupanda. Alivua kofia, akasimama kando ya gurudumu.

Mashariki palikuwa pameanza kuwa kijivu. Ng'ombe waliokamuliwa walikuwa wakitoka bandani, mmoja nyuma ya mwenzake, wakipita kati yake na mlango wa banda kwa mwendo wao usio na haraka, matumbo yakifuka mvuke. Nyuma ya yule wa mwisho alionekana mtu mfupi, mpana, aliyevaa aproni. Aliweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe, akasubiri mnyama apite tope, na macho yake hayakutoka kwa Kieran. Kisha akaanza kuja.