Safu ya Milango

Umepita chini ya dirisha lile la shule ya uchapaji pale Muhima asubuhi ya leo, ukasikia mashini zinagonga, ukaongeza mwendo. Usiniambie hukusikia. Miezi sita zilikuwa kimya.

Ni mashini nane za kupiga chapa. Wazungu walizileta shuleni, wakapiga nazo picha, wakaenda. Wino ulipokauka, wanafunzi wakajifunzia kwenye vipande vya boksi vilivyochorwa herufi kwa kalamu. Kaliza, miaka kumi na tisa, amegonga boksi mpaka likatoboka. Mtihani ni Ijumaa, kwa mashini ya kweli. Bila cheti, ofisi gani itampa kiti? Na nyumbani kwa mama yake, mjane Béatha, wanamtazamia yeye tu.

Leo Bwana Habiyaremye wa ofisi ya konseye, mkuu wa mtaa, ameleta tepe mpya nane za wino, na furushi la karatasi zilizoandikwa kwa mkono.

"Wafanyie mazoezi hizi, Madamu. Saa nane gari inakuja kuzichukua." Akasimama pembeni, akawasha sigara.

"Piga, usisome," Madamu Mukabalisa akawaambia, kama kila siku. "Mwenye kusoma anachelewa."

Kaliza akapiga. Jina, kabila, watoto, nyumba. Safu ya mwisho: milango. Mstari wa kumi na tisa vidole vikagoma. Béatha, mjane, Mtutsi, watoto watatu, bati, nyuma ya kisima. Mlango mmoja.

"Madamu, tangu lini wanahesabu milango?"

Ntakirutimana, wa mashini ya jirani, akachungulia. "Weh! Kwenu iko mulango moja tu? Hiyo iko nyumba ao sanduku?"

Darasa likacheka. Halafu kila mmoja akainamia karatasi yake, akaisoma, kicheko kikafa.

"Dada, daktilo anapiga chapa, haulizi," alisema Habiyaremye.

"Mimi nauliza, muzee. Milango ya nini?"

"Serikali inataka kujua watu wanaishi namna gani."

"Ao wanatoka namna gani wakivamiwa?"

Habiyaremye akazima sigara. Alimgeukia mwalimu. "Madamu, tepe naweza kurudi nazo."

Madamu aliwatazama wale saba wengine. "Kaliza, mwanangu, piga tu. Ijumaa ndiyo hii."

Kaliza alichomoa karatasi, akaipasua katikati.

"Basi Ijumaa usije," Habiyaremye akasema.

"Sawa." Akatoka mbio kuelekea kwao.

Madamu aliokota vipande, akaviunganisha mezani, akakaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto. Akapiga haraka, bila kusoma. Mashini saba zikamfuata.

Sasa ni saa sita. Gari bado halijafika. Wewe unayekula mshahara wa serikali, unayesalimiana na konseye, unayekaa benchi ya mbele kanisani: panda ngazi zile, uichukue orodha, uwaulize mbele ya watu ni ya nini. Kisha wagongee milango walioandikwa humo, uwaambie wamo. Usimalize kunywa chai. Nenda.