Mistari ya Msomi

Kila Jumanne saa moja asubuhi mkaguzi wa mizani alipanda basi la kwanza, akaketi kiti cha pili upande wa dirisha, akabana sanduku la mawe ya mizani katikati ya miguu, kisha akatoa kifaa chake cha kusomea vitabu kwenye mfuko wa plastiki uliokikinga na vumbi. Alikinunua kwa sababu ya uzito. Mawe ya shaba peke yake yalikuwa kilo kumi na saba, na mwanamke anayezunguka maduka na maghala ya miji mitatu kwa wiki hana haja ya kujitwisha na riwaya ya kurasa mia sita juu yake. Kifaa kilikuwa chembamba kama daftari, kioo chake kilisomeka hata juani, na chaji ilidumu wiki tatu. Ndani mlikuwa na vitabu mia mbili na kumi na moja, vingi vikiwa vimechaguliwa na mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Wenzake walimwita Msomi, kwa kuwa kwenye foleni ya kupakia mizigo wao walicheza karata, yeye akasoma. Kifaa walikitumia kwa zamu, yeye na mkewe, na Msomi alikuwa na tabia ya kupiga mstari chini ya kila sentensi iliyomkuna, hata mkewe akalalamika kwamba kila kitabu anakikuta kimeshakanyagwa. Miezi mitano nyuma lori lilipinduka kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, Msomi akafa. Kampuni iliandika kwamba alisinzia. Ikachapisha bango lenye picha ya lori likiwa miguu juu, na chini yake maneno USINGIZI UNAUA, ikalibandika katika kila kituo cha mabasi.

Jumanne moja, dakika kumi baada ya basi kuondoka, mstari ulijichora chini ya sentensi ambayo mkaguzi alikuwa hajaifikia. Ukaja wa pili. Ilipinda kidogo mwishoni, kama ilivyopinda siku zote, maana kidole gumba cha Msomi kiliwahi kubanwa na mlango. Kisha ukurasa ukafunuka wenyewe.

"Subiri, sijamaliza," mkaguzi akasema.

Ukurasa ukarudi.

Abiria wa pembeni, mwalimu mstaafu, alichungulia. "Mnasoma wawili?"

"Na mume wangu. Marehemu."

"Naona anakwenda mbio."

"Hajawahi kuwa na subira na maelezo ya mandhari."

Mwalimu akarudi kwenye gazeti lake.

Basi liliposimama, mistari nayo ilisimama. Nyumbani, mezani, kifaa kilitulia tuli. Mkaguzi akaelewa kwamba Msomi alisoma safarini tu, na hilo halikumshangaza, kwani hata alipokuwa hai hakujua la kufanya na kiti kisichotembea. Mama mkwe aliposikia, aliuliza kama mwanawe hajambo.

"Hajambo, mama. Sura ya tisa imemfurahisha."

"Mwambie asikodolee maandishi barabara ikiwa mbovu. Kichwa kitamuuma."

Wiki ya tatu Msomi akaanza kupigia mstari neno moja moja. *Niliwaambia.* Kurasa nane mbele: *mara tatu.* Halafu kurasa zikaanza kukimbia mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Riwaya ilihusu fundi cherehani na dada zake wanne. Haikuwa na gari hata moja. Mkaguzi aliona kwamba mumewe ameishiwa maneno. Waliposhuka kituo cha kati, penye mtandao mzuri, alinunua mwongozo wa ufundi wa magari makubwa, kurasa mia tisa, akaufungua basi lilipong'oa nanga.

*Breki*, Msomi akapiga mstari mara moja. *Nyuma. Hazishiki. Fomu. Tarehe mbili. Tarehe tisa. Tarehe kumi na sita.* Kisha mwongozo ukajifunga, riwaya ikafunguka, na mstari ukatulia chini ya neno *sikulala*.

Mkaguzi alinakili yote kwenye daftari la kazi, neno, ukurasa na saa, kama alivyoandika makosa ya mizani mbovu. Ijumaa alikwenda ofisini kwa kampuni akiwa amevaa sare yake.

Meneja wa usafirishaji alimvutia kiti, akasoma daftari lote bila haraka, akafungua kabati na kutoa faili. Fomu tatu zilikuwemo, zenye sahihi ya Msomi na muhuri wa kupokelewa.

"Ni kweli, shemeji. Alituambia."

"Basi rekebisheni taarifa, na mabango yashuke."

"Maelezo ya dereva hupokelewa ndani ya siku saba baada ya ajali."

"Alikuwa amekufa."

"Ndiyo maana hakuwahi."

"Sasa anaeleza."

"Anaeleza akiwa ndani ya basi. Sisi tunahitaji afike mwenyewe, asaini mbele yangu." Meneja alifunga faili kwa upole. "Nilimpenda sana yule bwana. Alikuwa akinisimulia vitabu."

"Mimi nikikuta mizani inadanganya, naipiga lakiri siku hiyo hiyo, isitumike tena," mkaguzi akasema. "Siulizi mwenye duka ni mwema au mbaya."

"Mizani yetu uliikagua mwezi uliopita. Iko sawa kabisa."

Mkaguzi aliiandikia wizara. Wizara ikamjibu kwamba malalamiko yamepelekwa kwa kampuni husika. Tangu hapo, kila kituo alichoshuka, alitoa kalamu nene na kuandika chini ya bango, kwa mwandiko wake ulionyooka: *Breki za nyuma. Aliwaambia tarehe mbili, tisa na kumi na sita.* Kampuni ilibandika mabango mapya. Naye alinunua boksi zima la kalamu. Msomi alimaliza riwaya, akaanza nyingine, na siku za mvua walisoma polepole, yeye akimngoja mkewe mwisho wa kila ukurasa.

Lori lilinyooshwa bodi, likapakwa rangi, likarudi barabarani. Alhamisi moja mkaguzi alikuwa kwenye ghala la nafaka akipima mizani, kijana mwenye funguo mkononi akamfuata.

"Shikamoo, shemeji. Mimi ndiye ninaendesha lori la Msomi siku hizi."

"Marahaba. Breki?"

"Zile zile. Nimeshajaza fomu mara mbili."

"Liache."

"Nikiliacha anapewa mdogo wangu. Ameshaomba." Akazungusha funguo kidoleni. "Mke wangu huenda kazini kwa treni, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Nimesikia Msomi bado anasoma nawe safarini. Nilitaka kujua hicho kifaa mlikinunua wapi."

Mkaguzi akaweka chini jiwe la kilo tano, akachana karatasi, akaandika jina la duka na vitabu sita, cha kwanza kikiwa ule mwongozo wa magari.

"Nivisome kabisa kwanza, au nitavisomea huko?"

"Anza leo," mkaguzi akasema. "Kupata maneno huchukua muda."

Dereva akashukuru, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati. Akakimbilia lori, kwa kuwa foleni ilikuwa imeanza kusogea.